Kaskazi Mgongoni

Ifikapo Februari, kaskazi imeshika mwambao wote, kutoka Lamu hadi Mtwara. Manahodha wa majahazi waliupanga mwaka wao kwa pepo mbili: kaskazi iwashushe kusini, kusi iwarudishe. Tulipokaa kwenye kibaraza cha nyumba moja ya Ngamiani, Tanga, kupanga msafara wa baiskeli hadi Dar es Salaam, hoja ya kwanza iliyotolewa ilikuwa hiyo hiyo ya manahodha. Tuteremke na upepo mgongoni, utusukume.

Niliiunga mkono hoja hiyo na hadi leo naiona sahihi. Lakini anayekwenda juani kwa baiskeli lazima ajue upepo wa mgongoni unachomnyang'anya. Mpanda baiskeli hupozwa na upepo anaoutengeneza mwenyewe kwa mwendo wake. Ukienda kilomita 18 kwa saa, na kaskazi nayo inakwenda 18 kuelekea huko huko, hewa iliyokuzunguka imesimama. Jasho linajikusanya juu ya ngozi, kisha linadondoka. Na jasho linalodondoka halikupozi. Linalopoza ni lile linalokauka mwilini. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi huondoka na takribani kilokalori 580 za joto. Ikidondoka kwenye lami, umepoteza maji na chumvi bure. Kumbuka pia kwamba katika nguvu yote inayochomwa na misuli, kinachofika kwenye pedeli ni robo au pungufu yake. Iliyobaki yote ni joto, nalo linatafuta pa kutokea.

Kwa hiyo tulijua tangu mapema kwamba adui yetu hatakuwa umbali. Njia yetu ilikuwa barabara kuu: Muheza, Hale, Segera, Kabuku, Mkata, daraja la Wami, Msata, halafu kukata mashariki hadi Bagamoyo na kumalizia Dar. Ni zaidi ya kilomita 300, na ukizigawanya kwa siku kadhaa, mtu mwenye mazoezi ya kawaida anaziweza. Kinachowarudisha watu kwa gari la wagonjwa ni joto, na joto halina huruma na anayejiamini.

Tarehe tuliifunga mapema kwa sababu ya Ramadhani. Miaka hii mwezi mtukufu unaangukia Februari na Machi, na nusu ya kundi letu hufunga. Kupanda baiskeli mchana kutwa bila tone la maji katika kipindi ambacho jua la Tanga linakaribia kupita utosini ni jambo ambalo hakuna aliyetaka hata lijadiliwe. Tukaamua safari iishe kabla mwezi haujaandama. Ukingoja Machi ipite, unakutana na masika, na hayo ni matatizo mengine.

Kisha yakaja maandalizi ya mwili, na hapa ndipo watu wengi wanapodhani wamekwisha kujiandaa kumbe bado. Mwenzetu mmoja anaishi Makambako, kwenye baridi. Huyo alijua hana budi kushuka pwani mapema, akafanya hivyo. Waliokuwa na kazi ngumu zaidi ni watu wa Dar es Salaam wenyewe. Mtu amezaliwa Temeke, amekulia Temeke, anasema joto analijua. Lakini ukiitazama siku yake, analala na kiyoyozi, anakwenda kazini ndani ya gari lenye kiyoyozi, anashinda ofisini kwenye ubaridi wa kuvaa sweta. Mwili wa namna hiyo unaishi pwani kwa anwani tu. Mwili huzoea joto kwa kukutana nalo huku unafanya kazi, kila siku au karibu kila siku, kwa muda wa kati ya siku saba na 14. Katika siku hizo majimaji ya damu yanaongezeka, moyo unaacha kwenda mbio ovyo, jasho linaanza kutoka mapema na kwa wingi, na chumvi inayotoka nayo inapungua. Ukirudi kwenye kiyoyozi kwa wiki chache, faida hiyo inayeyuka na unaanza upya.

Tulikubaliana kila mmoja afanye mazoezi yake ya mwisho mchana, si alfajiri kama tulivyozoea. Tulianza kwa dakika 20 au 30 za mwendo wa taratibu saa nane mchana, tukapanda hadi saa nzima na zaidi. Niliyaona maajabu ya mwili katika wiki hizo. Barabara ile ile ya kwenda Kigombe, kwa mwendo ule ule, siku za mwanzo ilinirudisha na kichwa kinagonga. Baadaye nikawa narudi nimelowa chapachapa lakini akili imetulia, na hamu ya kula ipo. Aliyekuwa ametoka kuugua homa au kuhara tulimwambia aahirishe. Wenye dawa za shinikizo la damu walikwenda kwanza kwa madaktari wao, maana baadhi ya dawa hizo hupunguza maji mwilini. Dawa nyingine za mafua nazo huzuia jasho, na mtu huzimeza bila kufikiri.

Muuguzi wa kundi letu, dada mmoja mtulivu ambaye hapandishi sauti hata akikasirika, alituletea zoezi la mizani. Unajipima uzito kabla ya kutoka, ukiwa na nguo chache iwezekanavyo. Unaendesha saa nzima, ukihesabu maji unayokunywa. Ukirudi unajifuta jasho, unajipima tena. Kila kilo iliyopungua ni lita moja ya jasho. Jumlisha na maji uliyokunywa, umepata kiasi unachotoa kwa saa. Tulifanya hivyo uani, mizani imewekwa juu ya ubao ili isiyumbe kwenye mchanga, yeye akiandika kwenye daftari la shule. Kijana mmoja mnene alikuwa anatoa karibu lita moja na nusu kwa saa. Mama mmoja mwembamba, mshona nguo, hakufika hata nusu lita. Hawa wawili walikuwa wamezoea kunywa kwa zamu moja, chupa kwa chupa, kwa sababu walipanda pamoja. Mmoja alikuwa anakauka, mwingine anajaa.

Kujaa nako ni hatari, na natamani jambo hili lisemwe zaidi katika vikundi vyetu, ambako ushauri ni mmoja tu: kunywa maji, kunywa maji. Mwaka 2002 mkimbiaji mmoja alifariki katika marathoni ya Boston, Marekani, kwa sababu chumvi ya damu yake ilishuka mno. Watafiti waliwapima damu wakimbiaji 488 wa mbio hizo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha asilimia 13 walimaliza wakiwa na upungufu wa sodiamu. Dalili kubwa kwa wale walioathirika ilikuwa kuongezeka uzito wakati wa mbio, maana yake walikunywa kuliko walivyotoa. Kwa hiyo yule dada alituwekea mpaka wa pande mbili. Usipungue zaidi ya asilimia mbili ya uzito wako, na usiongezeke hata kidogo. Kwa mtu wa kilo 70, asilimia mbili ni kilo moja na gramu 400.

Chumvi tuliipata kwa bei ndogo. Pakiti za ORS zipo kwenye kila duka la dawa, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi. Asiyezipata hutumia nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya sukari, vya kusawazisha, katika lita moja. Watu wa pwani tunayaamini sana madafu, na mimi ni mmoja wao, lakini dafu lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, ilhali jasho hutoa sodiamu zaidi. Dafu na karanga za chumvi vinakwenda pamoja vizuri. Kila baiskeli ilibeba chupa mbili, moja ya maji matupu na moja ya ORS, na pikap iliyotusindikiza ilibeba madumu.

Madumu hayo yalikuwa ya aina mbili, na kuyatenganisha lilikuwa jambo ambalo mzee wa msafara, mwalimu mstaafu, alilisimamia mwenyewe. Yenye kamba nyekundu ni ya kunywa. Yenye kamba ya katani ni ya kumwagia, na hakuna ruhusa ya kuyanywa hata kiu ikishika, kwa sababu yalijazwa bombani tu, na kwa sababu siku mtu akianguka ni lazima yawepo. Pembeni ya madumu kulikuwa na kasha la kubebea samaki, ambalo lingejazwa barafu kila tulipoipata.

Nguo tulizizungumza kirefu. Shati jepesi la mikono mirefu, rangi ya kung'aa, linakulinda na jua kuliko fulana isiyo na mikono, na likiwa pana hewa inapita. Dada zetu wenye hijabu walishonewa mpya za kuvaa chini ya helmeti, kwa kitambaa chepesi kinachokauka haraka. Mshona nguo ndiye aliyewashonea. Kila mmoja alikuwa na kipande cha kanga cha kuloweka na kujifunga shingoni. Baiskeli zenyewe zilipita kwa fundi wa Ngamiani, ambaye alibandua viraka vyote vya zamani na kutuuzia tyubu mpya. Alieleza vizuri: ukishuka mlima mrefu huku umebana breki, rimu inapata moto, na gundi ya viraka inalegea. Mara nyingi kiraka huachia mlimani, tairi ikiwa imebeba uzito wako wote.

Lakini maandalizi niliyoyaona kuwa makubwa kuliko yote hayakuhitaji kununua kitu. Joto likimzidi mtu, huanza na akili. Yeye ndiye wa mwisho kujua. Atakwambia yuko sawa, atakasirika ukimwambia apumzike, ataendelea kukanyaga. Mtu anayesafiri peke yake hana wa kumwona. Kundi lina faida hiyo moja inayozidi zote, na kundi lisilofundishwa kuitumia linakwenda tu kama watu wengi wapweke kwenye barabara moja. Kwa hiyo tulipangwa wawili wawili, na kila mmoja akafundishwa uso, sauti na mwendo wa mwenzake: anavyoongea akiwa amechoka, anavyokaa kwenye kiti akiwa mzima. Kila nusu saa unamuuliza swali linalohitaji kukumbuka. Tumelala wapi? Kijiji kilichopita kinaitwaje? Asiulizwe "uko sawa?", kwa sababu jibu lake linajulikana. Mwenzako akinyamaza ghafla, akijibu mkato, akiyumba, akisema anahisi baridi, msafara wote unasimama, na hakuna mjadala. Wapo wanaongoja jasho likauke ndipo waamini kwamba mtu amezidiwa. Mwenye kazi ngumu ya mwili anaweza kufikia nyuzi 40 na zaidi ndani ya mwili huku jasho bado linamtiririka.

Muda nao ulipangwa. Kuondoka baada ya saa kumi na mbili asubuhi, mara mwanga unapowatosha madereva wa mabasi kutuona. Kuwa kivulini saa tano. Kurudi barabarani saa kumi jioni. Kati ya Muheza na Segera tuliona kwa nini mpango huo ni wa lazima, maana kuna mahali mashamba ya mkonge yanashika pande zote mbili za barabara, na mkonge hauna kivuli. Mistari ya kijani kibichi inakwenda hadi ukingoni mwa macho, yote haizidi kimo cha mtu, na hakuna mwembe wala mbuyu wa kuegemea. Mtu asiyepanga pa kupumzikia akifikiwa na saa sita hapo ameumbuka. Sisi tulikuwa tumepanga, tukala ndizi na samaki chini ya miti ya Hale, tukalala fofofo kwenye mikeka.

Kaskazi ilikuwa nasi kama tulivyotarajia. Mwendo ulikuwa mtamu, maongezi mengi, na mashati yote yameloa tangu saa mbili. Ukisimama ghafla unahisi wimbi la joto linapanda kutoka kifuani hadi usoni. Tulijifunza kusimama kivulini tu, na kujimwagia kabla ya kunywa.

Asubuhi ya kutoka Mkata tulipata pancha, moja baada ya nyingine, miiba ikiwa imejaa kwenye bega la barabara tulipopisha malori. Tulifika mteremko wa Wami saa nne imepita, na kivuli tulichokipanga kilikuwa ng'ambo, juu ya mlima wa pili. Tulishuka kwa kuachia breki na kubana, kuachia na kubana, kama fundi alivyotufundisha. Kutoka kwenye mto barabara inapanda. Mwendo ukashuka hadi kilomita sita, saba kwa saa. Upepo wa mgongoni ukawa unatupita kidogo tu, lami inatema joto, malori yanatema moshi.

Mshona nguo alikuwa jozi ya yule kijana mnene. Nilikuwa nyuma yao, nikasikia.

"Mwanangu, tumelala wapi jana?"

Kimya. Akauliza tena.

"Tumelala... si tumetoka nyumbani, mama?"

Yule mama hakubishana naye. Alipiga filimbi mara tatu, akateremka, akashika usukani wa baiskeli yake. Kijana alitaka kuendelea. Alisema mlima umebaki mdogo, na alisema kwa hasira, yeye ambaye hatujawahi kumsikia akimjibu vibaya mtu mzima. Mzee wa msafara alifika akamwambia kwa upole, "Kaa chini, baba, nakuomba," naye akakaa, halafu miguu ikamwisha.

Kilichofuata tulikuwa tumekifanyia mazoezi uani Tanga, na namshukuru Mungu kwa hilo. Kabla ya simu, kabla ya kumpandisha garini, kupoza. Alibebwa hadi kwenye kichaka chenye kivuli, helmeti, viatu na shati vikatolewa, madumu ya kamba ya katani yakafunguliwa. Wawili walimwagia maji mfululizo kuanzia kichwani hadi miguuni, wawili walimpepea kwa vipande vya boksi. Barafu iliyobaki kwenye kasha ilifungwa ndani ya kanga zilizolowa, zikawekwa shingoni, kwapani na kinenani, na kubadilishwa kila zilipopata joto. Hakulazimishwa kunywa, kwa sababu mtu ambaye akili imemtoka anaweza kupaliwa. Hakuna aliyepoteza muda na kipimajoto cha kwapani, ambacho katika hali hiyo hudanganya; akili iliyochanganyika ilitosha kuwa kipimo. Muuguzi alipiga magoti karibu na kichwa chake, akimwita jina, akimuuliza swali lile lile. Baada ya muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana, kijana alifumbua macho akasema, "Mkata." Akatetemeka kwa baridi. Hapo ndipo pikap ilipoondoka naye, muuguzi akiwa pembeni, kanga bado zimelowa, kwenda kituo cha afya.

Walimlaza usiku ule wakampima figo na mkojo, na daktari akamkataza baiskeli kwa wiki kadhaa. Alituambia kwamba katika ugonjwa huu dakika 30 za mwanzo ndizo zinazoamua mambo, na kwamba wengi hufikishwa kwake wakiwa wamefunikwa mashuka ndani ya gari lenye joto kali, ndugu wakiwa wamekimbia haraka iwezekanavyo, bila tone la maji juu ya mwili wa mgonjwa. Nayaandika haya kwa ajili ya hao ndugu. Mpoze hapo hapo alipoanguka, kwa maji yoyote mliyo nayo, ndipo mkimbie.

Kutoka Msata tulikata kuelekea Bagamoyo, kilomita 64, na kaskazi ikahamia shavu la kushoto. Mwendo ulipungua na kila mmoja alilazimika kukanyaga kwa nguvu zaidi. Lakini mashati yalianza kukauka. Niliwatazama wenzangu nikaona nyuso zimefunguka, na mistari myeupe ya chumvi imejichora migongoni. Hatukupunguza maji ya kunywa, na tuliongeza ORS, kwa sababu jasho linalokauka haraka hulioni, na mtu hudhani hatoki jasho.

Siku ya mwisho kijana aliomba apande hata kilomita chache za kuingia Dar. Muuguzi alikataa, na kundi zima lilisimama naye. Akakaa nyuma ya pikap na madumu, akigawa chupa kwa kila aliyepita, na kila aliyepita alimuuliza kwa sauti jina la kijiji tulichokiacha nyuma. Hakukosea hata kimoja. Tuliingia Bunju kabla ya saa nne, na madumu mawili ya kamba ya katani yalikuwa bado yamejaa. Mzee wa msafara hakuruhusu yamwagwe hadi wa mwisho alipofika.